Dagaa Wakavu Wasichache: Kazi ya Ndimu na Ukwaju katika Hifadhi ya Samaki

Watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wanaojishughulisha na ukaushaji, usafirishaji na uuzaji wa dagaa, uduvi na kamba wanaletewa maelezo haya kuhusu kasoro moja inayowapotezea fedha nyingi bila wao kuielewa vyema. Kasoro hiyo ni kuchacha kwa mafuta yaliyomo ndani ya samaki aliyekwisha kukaushwa. Maelezo yanachukua mfano wa Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Mahali hapo ni mbali na visiwa, lakini ndipo panapofaa kutazamwa, kwa kuwa samaki mkavu hapimwi ubora wake pwani anapoanikwa. Hupimwa kwenye chungu cha mlaji wa mwisho, wiki au miezi baadaye.

Safari ya dagaa hadi nyanda za juu

Dagaa wanaoliwa Kasulu na Kibondo hutoka zaidi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina aina mbili za dagaa, ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na asubuhi huanikwa katika mialo kama ile ya Kibirizi na Katonga, pembezoni mwa mji wa Kigoma. Wengine huanikwa juu ya mchanga au changarawe, na wengine juu ya vichanja. Baada ya hapo hufungwa katika magunia na kupandishwa milimani kwa magari, safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Nyarugusu.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na kuanzia mwaka 2015 ilipokea pia maelfu ya Warundi. Wengi kati ya waliotoka Kivu Kusini walizaliwa kando ya ziwa hilo hilo. Samaki ambaye Mtanzania humwita dagaa, Mrundi humwita ndagala na Mkongo humwita ndakala. Mgao wa chakula uliozoeleka kambini kwa miaka mingi ulikuwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta ya kupikia, chumvi na unga wa lishe. Samaki hakuwamo. Kwa mama mwenye watoto wadogo, na vile vile kwa mkulima wa vijiji vya jirani, kopo la dagaa lililonunuliwa kwa fedha ya shida ndilo kitoweo chenye kujenga mwili kwa wiki nzima. Dagaa hao wakiwa wamechacha, hasara haimwishii mchuuzi. Inaingia katika sahani ya mtoto.

Jambo hili limepata uzito zaidi kwa sababu nchi zinazolizunguka ziwa hilo zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa vipindi. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo akiba iliyokaushwa kabla ndiyo inayotegemewa, na akiba hiyo inapaswa kudumu miezi mitatu bila kuharibika.

Kuoza na kuchacha si jambo moja

Ni vyema ikafahamika kwamba samaki huharibika kwa njia mbili zilizo tofauti. Njia ya kwanza ni kuoza. Hii ni kazi ya bakteria na vimeng'enya, na huhitaji maji. Ndiyo sababu wazee waligundua kukausha, kutia chumvi na kufukiza moshi: maji yakitoka, bakteria hukosa pa kuishi.

Njia ya pili ni kuchacha kwa mafuta, na hapa maji si sharti. Kinachohitajika ni hewa. Mafuta ya samaki hukutana na oksijeni iliyomo hewani, yakabadilika kidogo kidogo. Dagaa huanza kugeuka rangi kutoka fedha kuwa njano, kisha hudhurungi. Hutoa harufu kali iliyo karibu na ya rangi ya kupakia mbao, na mtu akimla huhisi uchungu na muwasho kooni. Kamba na uduvi hupoteza wekundu wao wakapauka, kwa sababu kile kitu chenye kuwapa rangi nyekundu nacho huliwa na oksijeni hiyo hiyo.

Ukaushaji, ambao ni tiba ya kuoza, haumkingi samaki na kuchacha. Wakati mwingine humfungulia mlango. Samaki anapopoteza maji, mafuta yake huwa sehemu kubwa zaidi ya uzito uliobaki. Utando mwembamba wa maji uliokuwa umeyafunika mafuta hayo hutoweka, na hewa huingia hadi ndani ya nyama. Kwa hiyo gunia la dagaa waliokauka barabara linaweza kuwa halina hata chembe ya uozo na bado likawa limechacha.

Mambo yanayotokea ndani ya mafuta

Mafuta ya samaki ni laini kuliko ya ng'ombe au mbuzi. Ulaini huo unatokana na vifungo maradufu vingi vilivyomo katika minyororo yake, na ndio unaoyapa thamani kwa ubongo wa mtoto na moyo wa mtu mzima. Lakini vifungo hivyo ndivyo vilivyo dhaifu mbele ya oksijeni. Kamba ana mafuta machache, ila machache hayo ni ya aina hiyo hiyo iliyo dhaifu, na mengi yamo kichwani.

Kuchacha huenda kwa hatua tatu. Kwanza, mwanga, joto au chembe za madini hung'oa kipande katika mnyororo wa mafuta na kuacha chembe isiyotulia. Pili, chembe hiyo hushikana na oksijeni na kuushambulia mnyororo wa jirani, nao hushambulia mwingine, mfano wa moto katika nyasi kavu. Hapo hutokea vitu viitwavyo peroksaidi, ambavyo havina harufu. Tatu, peroksaidi huvunjika na kutoa aldehaidi na vitu vingine, na hivyo ndivyo vinavyonuka. Mnunuzi anaponusa harufu, moto umekwisha kuwaka muda mrefu. Vitamini A na E zilizokuwa ndani ya samaki huwa zimeungua pamoja na mafuta.

Miongoni mwa vichochezi vyote, madini ya chuma na shaba ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Kiasi kidogo sana kinatosha. Chuma kimo katika damu ya samaki mwenyewe. Kimo pia katika kutu ya wavu wa kuanikia, katika sufuria iliyochubuka, katika vumbi jekundu la barabara na katika chumvi isiyosafishwa.

Kazi ya asidi za asili

Hapa ndipo ndimu, limau na ukwaju vinapoingia. Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka katika maji ya limau mwaka 1784. Ukwaju una asidi ya tatariki kwa wingi unaopita matunda mengi. Asidi hizi mbili zina tabia moja muhimu: hushika chembe za chuma na shaba kama gando la kaa linavyoshika, na chembe iliyoshikwa haiwezi tena kuwasha moto katika mafuta. Asidi ya sitriki imo katika orodha ya viungio vinavyokubaliwa na Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na mashirika ya FAO na WHO, na viwanda vya mafuta ya kula duniani huitumia kwa kazi hii hii.

Ndimu na limau zina pia asidi ya askobiki, yaani vitamini C, ambayo hujitoa mhanga kwa kuchukua oksijeni kabla haijayafikia mafuta. Hata hivyo, vitamini C peke yake haitoshi. Ikiwa kidogo na chuma kikawa kingi, huweza kukiamsha chuma hicho kifanye kazi kwa kasi zaidi. Inafaa inapokuwa pamoja na asidi ya sitriki, kama ilivyo katika tunda lenyewe.

Siki inahitaji maelezo ya pekee. Asidi yake, iitwayo asetiki, ni hodari wa kuzuia bakteria, lakini haina nguvu ya kushika madini kama ile ya ndimu. Hivyo basi, siki husaidia samaki asioze lakini haimkingi sana asichache. Ukali wa asidi si kipimo cha faida yake katika jambo hili. Kinachotazamwa ni uwezo wa kushika chuma.

Chumvi nayo isihesabiwe kuwa kinga ya mafuta. Mkoa wa Kigoma umejaliwa chemchemi za chumvi za Uvinza, ambazo watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi imeokoa samaki wengi wasioze. Lakini chumvi haizuii muoksidisho wa mafuta, na chumvi ya aina yoyote iliyo chafu, yenye udongo na kutu, huuharakisha. Anayetia chumvi achague iliyo safi na nyeupe.

Utaratibu wa kutumia ndimu au ukwaju

Utaratibu ufuatao unaweza kufuatwa mwaloni au nyumbani bila mtambo wowote:

1. Samaki wachukuliwe wakiwa wabichi, ndani ya saa chache tangu kuvuliwa, na wakingwe na jua tangu chomboni. Asidi haimrudishi samaki aliyekwisha kuharibika.

2. Waoshwe kwa maji safi hadi damu na utelezi vitoke, kwani kuiondoa damu ni kukiondoa chuma. Kamba wakubwa waondolewe vichwa.

3. Maji ya kuchovya yatayarishwe kwa kuchanganya kipimo kimoja cha maji ya ndimu au limau yaliyochujwa na vipimo tisa vya maji safi. Kwa kuwa maji ya tunda hilo huwa na asidi ya sitriki ipatayo asilimia 5 hadi 6, mchanganyiko huo utakuwa na nusu asilimia hivi. Anayetumia ukwaju aroweke gramu 50 za nyama ya ukwaju katika lita moja ya maji ya moto, aufikiche, auchuje na kuuacha upoe.

4. Samaki wazamishwe wote kwa dakika kama kumi, wakigeuzwa taratibu, kisha wachujwe. Wasisuuzwe, maana asidi inatakiwa ibaki juu yao. Maji hayo yabadilishwe baada ya kutumika mara mbili au tatu.

5. Chombo kiwe ndoo au beseni la plastiki la chakula, au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini, pipa la chuma na chombo cha shaba visitumike. Asidi huyala madini hayo na kuyatia katika samaki, na mtu akawa amelisha kile alichokusudia kukizuia.

6. Samaki waanikwe juu ya vichanja vyenye wavu wa nailoni, kwa tabaka moja jembamba, mahali penye upepo. Wakishakauka waondolewe juani mara moja. Kuwaacha juani siku nzima ya pili ili "wakolee" ni kuwazidishia mwanga na joto bila faida.

Ladha ya uchachu inayobaki ni ndogo, na kwa kawaida huondoka mpishi anapoosha dagaa kwa maji ya moto kabla ya kuwakaanga.

Majaribio kabla ya kuamini

Maji ya ndimu hutofautiana kwa mti na kwa msimu. Kwa hiyo kila kikundi kinashauriwa kufanya jaribio lake kabla ya kubadili utaratibu wa shehena nzima. Samaki wa siku moja wagawanywe mafungu mawili. Fungu moja lichovywe, la pili lisichovywe, na yote mawili yakaushwe na kuhifadhiwa kwa namna moja. Kila wiki watu watatu au wanne wasioambiwa lipi ni lipi wanuse na kutazama rangi, na majibu yaandikwe daftarini pamoja na tarehe. Wiki ambayo fungu la kwanza linaanza kunuka, na wiki ambayo fungu la pili linafuata, ndizo zitakazoonyesha faida iliyopatikana na kama inalipa gharama ya ndimu.

Tahadhari

Kuongeza asidi kupita kiasi si kuongeza kinga. Asidi nyingi hulegeza nyama ya dagaa hadi ikavunjika, na hukifungua chuma kilichofungwa ndani ya damu kikawa huru kuchochea mafuta. Nusu asilimia kwa muda mfupi ni bora kuliko ndimu tupu kwa saa nzima.

Vile vile, asidi haifukuzi inzi wala dumuzi. Mchuuzi asishawishike kupulizia samaki dawa za wadudu za shambani au za nyumbani. Hilo ni hatari kwa uhai wa mlaji. Kinga ya wadudu ni kukausha vizuri, kufunika na kuhifadhi katika chombo kilichozibwa.

Aidha, ndimu isitumiwe kuficha harufu ya samaki aliyelala. Baadhi ya samaki wa baharini wanapokaa katika joto kabla ya kusindikwa hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa asidi, kwa kukausha wala kwa kupika. Dagaa wa namna hiyo ni wa kutupwa.

Hifadhi baada ya kukausha

Kazi ya asidi ni kuchelewesha, si kusimamisha. Mfano wake ni breki kwenye mteremko: hupunguza mwendo, lakini gari likiachwa lenyewe litafika chini. Samaki aliyechovywa akawekwa katika gunia la salfeti lililo wazi, dirishani penye jua, atachacha tu, ingawa kwa kuchelewa.

Gunia la kawaida hupitisha hewa na mwanga. Safarini dagaa husagana, wakavunjika, na kila uso mpya unaovunjika ni mahali papya pa hewa kuingia. Inafaa kutumia ndoo au makopo ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana, au mifuko mizito iliyoruhusiwa kwa vifungashio vya chakula. Ikumbukwe kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Chombo kijazwe hadi juu ili hewa isibaki, kiwekwe mahali pa giza na baridi, na kifunguliwe kwa nadra. Mwenye duka huko Kasulu au Kibondo akigawa gunia lake katika vyombo vidogo na kufungua kimoja kimoja, atakuwa amefanya nusu ya kazi bila kununua hata ndimu moja. Baridi ya nyanda hizo za juu nayo ni msaada wa bure, mradi chombo kisiwekwe chini ya bati linalopata jua.

Mtumishi wa afya au wa uvuvi anayekagua samaki wakavu sokoni asitosheke na kutazama ukungu na wadudu. Amvunje dagaa mmoja na kumnusa kwa ndani. Atazame pia rangi ya tumboni, ambako mafuta ni mengi na unjano hutangulia.

Yanayowahusu wakaazi wa visiwa

Katika kisiwa cha Unguja, sehemu kama Mangapwani na Kama, dagaa wa baharini huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na sehemu kubwa hununuliwa na wafanyabiashara wanaowapeleka Kongo. Safari hiyo ni ndefu mara nyingi kuliko ile ya kutoka Kigoma hadi Nyarugusu. Kuchemsha kunasaidia kwa kuvikomesha vimeng'enya, lakini hakuiondoi damu yote, na joto hukifungua chuma kilichomo ndani yake.

Kwa mintarafu hiyo, anayetaka kutumia ndimu asiikamulie ndani ya sufuria au pipa lililo juu ya moto, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Dagaa waepuliwe, wachujwe, waachwe wapoe, ndipo wachovywe katika beseni la plastiki na kuanikwa. Uduvi na kamba wafanyiwe vivyo hivyo, na wekundu wao uwe ndio shahidi. Ukidumu, mafuta yamesalimika. Ukipauka mapema, kuna hatua iliyorukwa.

Kwa muhtasari, mambo manne yanakwenda pamoja: samaki awe mbichi, damu ioshwe, asidi itiwe kwa kipimo, na hewa na mwanga vizuiliwe. Likikosekana moja, matatu yaliyobaki hupungua nguvu. Mvuvi na mwanikaji hawamwoni mlaji wao, naye hawajui wao. Kinachowaunganisha ni yule dagaa anayefunguliwa kutoka katika kopo, katika nyumba iliyo mbali na ziwa na bahari, na mzazi anayemnusa kabla hajamtia chunguni.